Skani ya shingo, NIPT au kutolewa maji ya chupa: nianze na kipi?

Mama Pendo, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Nina miaka 38, mimba ina wiki 11, na kabla ya hii nimepoteza mbili. Daktari anasema kwa umri wangu ni vyema kuangalia kromosomu za mtoto. Alitaja vipimo vitatu haraka haraka hadi nikatoka nimechanganyikiwa: skani ya shingo pamoja na damu, NIPT ambayo ni damu tu, au kutolewa maji ya chupa kwa sindano. Hiyo sindano inanitia hofu. Aliyepitia anieleze.

Mkunga wa Kondele
Pole kwa yaliyotangulia, dada, na hongera kwa hii. Tenganisha kwanza mambo mawili: skani na NIPT hukadiria uwezekano, sindano ndiyo hutoa jibu. Watu wakiyachanganya hulia bure, au hutulia bure.

Skani ya shingo hufanywa kuanzia wiki 11 hadi wiki 13 na siku 6, kwa hivyo usikawie. Hupimwa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, kisha yanajumlishwa na homoni za damu yako na umri. Hugundua takriban mimba 85 hadi 90 kati ya kila 100 zenye sindromu ya Down, ila huwatia hofu pia wanawake kama 5 kati ya 100 ambao watoto wao hawana tatizo. NIPT huanza wiki ya 10, na kwa kromosomu ya 21, ambayo ikizidi ndiyo huleta sindromu ya Down, hugundua zaidi ya 99 kati ya 100. Lakini DNA inayosomwa hutoka kwenye kondo la nyuma, na mara nyingine kondo na mtoto havilingani. Hata ukilipia NIPT, skani usiiache. Damu haiwezi kuona kama fuvu limeumbika.

Naliaka, Bungoma
Mimi nilichagua NIPT. Damu ikapelekwa ng'ambo, nikangoja wiki mbili, kisha nikaambiwa DNA ya mtoto ni kidogo mno, nirudie. Hutokea mimba ikiwa changa au mama akiwa na uzito mkubwa. Ya pili ikasema kuna hatari kubwa kwamba mtoto ana kromosomu ya 18 iliyozidi. Sijui nilifikaje nyumbani siku hiyo. Daktari wangu alikataa katakata tuamue lolote kwa karatasi ile. Wiki ya 16 nikatolewa maji: sindano nyembamba, skani ikiiongoza, dakika chache, na tumbo likauma kama la hedhi hadi jioni. Mtoto hakuwa na tatizo. Sasa anatambaa.

Hatari ya kupoteza mimba niliambiwa ni chini ya 1 kati ya 200, kwa mkono uliozoea. Muulize daktari amefanya ngapi, usione haya. Na kama kundi la damu yako ni hasi (Rh hasi), waambie mapema wakuandalie sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kupigana na damu ya mtoto.

Mama Pendo, Kisumu
Naliaka, nimelia nikisoma. Gharama je?

Naliaka, Bungoma
NIPT ni ghali kuliko skani mara kadhaa, na bima ya kazini haikulipa. Kabla ya kutoa damu, uliza kama kurudia kunalipiwa tena.

Baba Tumaini, Nakuru
Niruhusuni na mimi baba. Shemeji zangu husema kupima ni kutafuta sababu ya kutoa mimba, kwa hivyo hatukupima. Tumaini alizaliwa na sindromu ya Down. Karibu nusu ya watoto hawa huwa na kasoro ya moyo, na wake ulikuwa na tundu. Tulijua akiwa na miezi minne, akitweta kila anaponyonya. Tungejua mapema, mama yake angejifungulia penye daktari wa moyo wa watoto. Ana miaka 6 sasa, na kanisani husimama mstari wa mbele kuimba. Ningempenda vilevile, ila ile miezi minne inaniuma hadi leo.

Mama Pendo, Kisumu
Asante sana Baba Tumaini. Nimemsomea mume wangu ujumbe wako. Jumanne tunaenda skani ya shingo na damu. Ikitia shaka, tutachangisha ya NIPT.

Mkunga wa Kondele
Vyema. Ila maji ya shingo yakifika milimita 3.5 au zaidi, usipitie NIPT. Muulize daktari kuhusu sindano moja kwa moja, kwa sababu NIPT husoma kromosomu chache tu, na shingo nene inaweza kutokana na tatizo ambalo haiangalii.