Wakuu, ule mfumo wa kupasha nyumba joto kutoka ardhini unafaa huku Arusha?

mjenzi_njiro
Habari zenu wakuu, najenga Njiro, boma limefika kwenye linta, na baridi ya huku mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua, mama yangu naishi naye na magoti yanamsumbua mpaka jua litoke vizuri. Dada yangu yuko Sweden anasema nyumba yao inapata joto toka ardhini, wamechimba shimo refu uani. Nikawaza sisi tuko chini ya Mlima Meru, volkano kabisa, si ndo tungelipata kirahisi zaidi? Na wakati wa joto mfumo huo unapoza nyumba kweli?

fundi_friji_moshi
Mkuu hapo unachanganya vitu viwili. Kule Olkaria Kenya wanachimba mbali sana chini wapate mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme. Hii ya nyumbani haihitaji volkano. Ukishuka mita kama 10 udongo hausikii tena kiangazi wala baridi, unakaa kwenye wastani wa joto la mwaka mzima la sehemu hiyo, Arusha ni kama nyuzi 20 hivi. Sasa wanafukia bomba la plastiki, ama wanalilaza kwenye mtaro wa mita 1 mpaka 2, ama wanalishusha kwenye shimo la mita 100 hivi, maji yanazunguka humo yanarudi na joto la udongo, halafu kuna mashine yenye kompresa na gesi inayolichukua joto hilo na kulimwaga ndani ya nyumba. Weka mkono nyuma ya friji yako, lile joto limetoka kwenye maziwa na nyama zilizo ndani. Ndo hivyo hivyo, ila hapa kinachonyang'anywa joto ni udongo wa uani. Uniti 1 ya umeme inaweza kukuletea uniti 3 au 4 za joto. Kipindi cha joto valvu inageuza njia ya gesi, joto la chumbani linaenda kumwagwa ardhini.

mama_usa_river
Mie nina kisima tayari, maji yake siwezi kutumia?

fundi_friji_moshi
Inawezekana dada, yanapita kwenye mashine yanarudishwa chini. Ila pima kwanza, maji yenye madini mengi yanaacha ukoko ndani kama wa birika.

sakina_juu
Mjenzi, kuchimba ni hela nyingi na baridi yetu ni ya miezi michache. Mi ningeanza na bati, nyumba nyingi huku juu ya dari ni patupu, joto lote la mchana linapotelea huko usiku. Weka sponji ya kuzuia joto lisitoke chini ya bati, ziba mianya ya madirisha, maji ya kuoga weka sola.

mjenzi_njiro
Asanteni sana, bati bado sijapaua kwa hiyo nimewahi. Chumba cha mama nakihamishia upande wa mashariki apate jua la asubuhi, fundi nimeshampigia.