Mjadala: Beki aliyecheza mechi zaidi ya 1,000, nyingi madaraja ya chini, tumweke na wakubwa?

Namba Mbili
Jana kijiweni tumebishana hadi muuza kahawa akafunga birika lake. Nilimtaja Graham Alexander, wenzangu wakaniuliza huyo ndiyo nani. Beki wa kulia, mzaliwa wa Coventry. Alianza Scunthorpe mwaka 1991, akaenda Luton, Preston akakaa miaka minane, kisha Burnley, mwisho akarudi Preston. Ligi Kuu ya England aliikanyaga Agosti 2009, umri miaka 37, na siku chache baadaye Burnley wakaifunga Manchester United 1-0 pale Turf Moor. Alistaafu 2012 akiwa na mechi zaidi ya 1,000. Swali: ukubwa ni wa waliocheza juu tu?

Mwana Kigamboni
Tumpe heshima ya uvumilivu, basi. Timu kubwa zilimwona miaka yote hiyo zikampita. Samaki aliyebaki mezani hadi saa kumi jioni ana sababu yake. Na msiniletee mabao, mengi ni penalti. Halafu eti aliichezea England mechi 40, sijui mabeki waliisha wote.

Jicho la Ngamiani
England gani? Ni Uskoti, kwa asili ya familia yake. Waliitwa kina Alexander mwaka 2002, yeye ana miaka 30 tayari, na bado akafikisha hizo 40. Weka sawa habari zako kwanza, samaki baadaye.

Mwana Kigamboni
Uskoti, sawa, ndiyo imeharibika kabisa. Kazaliwa Coventry, mpira kajifunzia England, huko hawakumtaka akahamia kwa jirani. Kwangu huyo ni mamluki.

Bin Makame
Ndugu yangu, neno hilo limenichoma. Haji Mnoga kazaliwa Portsmouth mwaka 2002, kacheza timu ya kwanza ya pale ana miaka 16, kapelekwa kwa mkopo Bromley, Gillingham, Aldershot, leo yuko Salford. Na amevaa jezi ya Taifa Stars. Naye mamluki? Dada yangu yuko Leicester, wanawe wanalala na jezi ya Stars. Mtoto anayeichagua nchi ya wazazi wake wakati hakuna aliyemlazimisha, unamtukana?

Mwana Kigamboni
Mnoga sijamtaja, umemleta wewe. Ila kwa kuwa umemleta: mtu wa daraja la nne anawekwaje mbele ya vijana wa Simba na Yanga wanaokaba washambuliaji wa Al Ahly? Tukisikia Uingereza tu, akili zinalala.

Binti wa Bandarini
Hilo daraja la nne mnalolidharau lina timu 24, maana yake mechi 46 za ligi kwa msimu, bado vikombe. Jumamosi, Jumanne, Jumamosi tena, kwenye matope ya Januari. Ligi yetu ina timu 16, mechi 30. Beki hakomai kwa kutazamwa na watu 60,000, anakomaa kwa kurudia kosa lile lile hadi mwili ulikatae. Simsemei Mnoga kwamba ni bora kuliko beki wa Yanga. Nasema msimpime kwa namba ya daraja.

Jicho la Ngamiani
Mechi 46 dhidi ya nani, dada? Mipira mirefu na viwiko. Nani anamfundisha beki kutulia na mpira mguuni?

Binti wa Bandarini
Na wewe uliyetulia na mpira mguuni ulicheza wapi?

Jicho la Ngamiani
Sikucheza popote, nina macho. Tusifike huko.

Kocha wa Vumbi
Tufike huko, maana mimi nilicheza. Namba mbili, ligi ya mkoa, misimu sita. Goti lilipokwenda, uongozi uliniambia nipumzike kidogo, na shilingi ya matibabu sikuiona mpaka leo. Kwa hiyo nikisikia mtu amepanda na kushuka upande wa kulia miaka 21, sioni uvumilivu peke yake. Naona mwili aliotunziwa na alioutunza mwenyewe. Kijana wetu ana mguu kama huo, hana daktari.

Na penalti hizo mnazozicheka: kuna anayepewa mpira wa penalti kwa huruma? Wachezaji kumi wanageuka kukutazama wewe. Mechi yake ya mwisho, Aprili 2012, Preston wako nyuma 2-1 dhidi ya Charlton. Dakika za nyongeza, mpira wa adhabu. Akaupiga, wavuni, 2-2, na hakugusa tena mpira katika maisha yake ya uchezaji. Ile haikuwa penalti.

Namba Mbili
Asante, Kocha. Turudi kwenye swali. Hao "wakubwa waliompita": Preston walifika fainali ya mchujo wa kupanda mara mbili, 2001 wakafungwa na Bolton 3-0, 2005 na West Ham 1-0. Mlango wa Ligi Kuu ulifungwa usoni kwa timu nzima, hadi Burnley walipoishinda Sheffield United Wembley 2009. Hiyo siyo hukumu juu ya beki. Wala hakuwa peke yake, Tony Ford wa Grimsby alimtangulia kufika mechi 1,000 kwa wachezaji wasio makipa.

Na Bin Makame, hiyo Salford ya Mnoga, unajua ni kocha gani aliyeipandisha hadi daraja la nne mwaka 2019? Ni huyu huyu Alexander.

Bin Makame
Wallahi sikujua! Basi mamluki mmoja kamjengea nyumba mwenzake. Kigamboni, nasubiri.

Mwana Kigamboni
Neno mamluki nalifuta, na mwambie dada yako wa Leicester nimelifuta. Samaki sifuti.