Naomba ushauri: tangi la lita ngapi kwa samaki mchanganyiko wa maji baridi?

Mgeni_Majini

Habari zenu wakuu. Nataka kufuga samaki wa mapambo wa maji baridi (yasiyo na chumvi), mchanganyiko. Orodha yangu: neoni tetra 10, gapi 6, moli 4, enjeli 2, koridora 4, pleko 1 wa kula mwani na samaki wa dhahabu 2. Nimeoneshwa tangi la sentimita 60 × 30 × 30 na muuzaji anasema linatosha, eti samaki hukua kulingana na tangi. Ukutani nina nafasi ya sentimita 110, sakafu ni ya zege. Maji ni ya bomba, pH (kipimo cha uasidi) 7.4, ugumu (kiasi cha madini kama chokaa) nyuzi 9.

Je, ninunue la lita ngapi? Na kama hilo halitoshi, nani apungue? Nawasilisha.

Sharubu

Mkuu, hapo hata nusu ya orodha haiingii.

Anza na hesabu. 60 × 30 × 30 ukigawa kwa 1,000 ni lita 54, lakini hizo ni lita za tangi tupu. Toa unene wa kioo, toa mchanga wa sentimita 4, acha sentimita 4 juu ili samaki asiruke nje, unabaki na lita 37 hivi. Samaki wataishi ndani ya hizo 37.

Hiyo habari ya kukua kulingana na tangi isahau. Samaki kwenye tangi dogo hudumaa kwa sababu uchafu wake mwenyewe unamzidi: anakula bila kunawiri, mgongo unaweza kupinda, anakufa kabla ya umri wake. Tangi hupimwa kwa samaki aliyekomaa, si kwa kile kidogo kilichomo kwenye mfuko wa plastiki. Wako wakikomaa wanakuwa hivi: neoni sm 3.5, gapi dume sm 3 na jike 5, moli 8 na zaidi, koridora 6. Enjeli mwili wake hufika sm 15, na kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini anaweza kupita 20. Pleko wa kawaida ni sm 30 hadi 45. Ndiyo, umesoma sawa. Huyo anauzwa kama msafisha tangi akiwa na sm 5. Akikomaa anaacha kinyesi kingi kuliko mwani anaoula.

Na samaki wa dhahabu ndiye pekee kwenye orodha yako anayetaka maji baridi kwa maana zote mbili. Hao wengine wanataka nyuzi 24 hadi 26, yeye anastarehe kwenye 18 hadi 22. Tena anachafua sana, na aliyekomaa humeza neoni bila kusita. Mtoe kabisa, hata ukinunua tangi la lita 500.

Mgeni_Majini

Asante Sharubu. Mbona nimesoma kanuni ya sentimita 1 ya samaki kwa lita 1 ya maji? Kwa kanuni hiyo neoni 10 ni sm 35, na pleko mmoja ni sm 35. Sawa kwa sawa.

Kapo_la_Mwani

Na hapo ndipo kanuni inapovunjika. Urefu haupandi peke yake. Upana na unene vinapanda nao. Samaki mwenye urefu mara 10 ya mwenzake, wakiwa na umbo linalofanana, ana uzito kama mara 1,000. Kwa hiyo pleko wa sm 35 si sawa na neoni 10, ana uzito kama wa neoni 1,000. Chakula, hewa na amonia (sumu inayotokana na uchafu wao) vinafuata uzito, havifuati rula. Kanuni hiyo itumie kwa samaki wembamba wasiozidi sm 5 tu, na kwa lita halisi za maji.

La pili ambalo lita hazisemi: umbo. Chukua hilohilo la 60 × 30 × 30 ulisimamishe wima liwe 30 × 30 × 60. Lita ni zilezile 54, lakini uso wa maji umeshuka kutoka sm² 1,800 hadi 900. Hewa ya oksijeni inaingia kupitia uso huo. Sakafu nayo imekuwa nusu, na koridora wanaishi sakafuni. Neoni wanaogelea mbele na nyuma, hawapandi na kushuka. Ndiyo maana ukiuliza ukubwa, mimi naanza na urefu na upana wa kitako, kina kinafuata. Isipokuwa kwa enjeli: yeye anahitaji kina cha sm 45 hadi 50, la sivyo mapezi yake yanaburuza mchanga.

Fundi_Kioo

Niongezee upande wa uzito, maana watu huwa wanakumbuka tangi likishajaa.

Kwa nafasi ya sm 110 chukua tangi la 100 × 40 × 50. Jina lake ni lita 200. Ukifanya hesabu ya Sharubu (mchanga 4, nafasi ya juu 5, kioo milimita 8) maji halisi ni kama lita 150. Uzito sasa: kioo cha milimita 8 ni kilo 20 kwa mita ya mraba, tangi hilo linatumia mita za mraba 1.8, kwa hiyo kilo 36. Maji kilo 150. Mchanga kilo 24 hivi. Mawe na magogo weka 10. Umefika kilo 220 na stendi hujaihesabu. Zege halina shida, ila kabati la nguo au meza ya televisheni visijaribiwe.

Stendi iwekwe pimamaji kwa urefu na kwa upana kabla ya tangi kupanda. Tofauti ya milimita 2 au 3 inavumilika. Zaidi ya hapo, sukuma vipande chini ya miguu ya stendi, kamwe si chini ya kioo. Tangi lenye kitako kitupu cha kioo litandikiwe foamu nyembamba, kwa sababu chembe moja ya kokoto chini ya kioo inatosha kuanzisha ufa. Likiwa na fremu ya plastiki inayonyanyua kitako, foamu usiweke, inasukuma kitako kwa juu. Jaza maji, uliache saa 24 ukikagua maungio ya silikoni, ndipo uweke mchanga. Na tangi lenye maji halihamishwi, hata kwa kusogezwa sm 10.

Neoni_Kumi

Wakuu mnampeleka mbali. 60 × 30 × 30 linafaa, ila si kwa orodha ile. Neoni 8 na koridora vibete 6, wale wa sm 3, basi. Si kila mtu anataka kubeba kilo 220.

Sharubu

Neoni_Kumi, hiyo idadi naikubali. Ninachokataa ni kumpa mtu anayeanza. Kwenye lita 37, samaki mmoja akifa usiku nyuma ya gogo, asubuhi amonia imepanda kwa wote. Ukizidisha chakula mara moja, maji yanakuwa na ukungu. Kwenye lita 150 kosa lilelile linakupa siku moja au mbili za kushtuka. Ni kichekesho cha ufugaji huu kwamba tangi gumu kulitunza ndilo linalouzwa kama la wanafunzi.

Kama 100 ni kubwa mno kwake, ashuke hadi 80 × 35 × 40: jina lita 112, maji halisi lita 80 na kitu. Ila humo enjeli hawaingii.

Mgeni_Majini

Nimeelewa. Nachukua la 100. Samaki wa dhahabu na pleko mkubwa nimewafuta. Waliobaki je, wanapatana?

Kapo_la_Mwani

Bado hapana, na hapa ndipo penye kazi zaidi kuliko lita.

Neoni na enjeli. Wanauzwa pamoja kila mahali, na wakiwa wadogo wanapatana. Mdomo wa enjeli aliyekomaa unatosha neoni mzima, basi neoni wanapungua mmojammoja usiku. Ukitaka enjeli, badilisha neoni kwa tetra mwenye mwili mpana. Tetra wa Kongo anafaa sana: dume sm 8, jike 6, nyuzi 23 hadi 27, anaogelea katikati ya maji, na tangi la mita 1 ndilo hasa anapoanza kustarehe. Wawe 8.

Enjeli wawili. Wakiwa wadogo dume na jike hawatofautishwi kwa macho. Wakitokea kuwa jozi watataga kwenye jani au kwenye bomba la kichujio na kulinda nusu ya tangi; wakitokea kuwa madume wawili mmoja atasukumwa pembeni mpaka mapezi yachanike. Kwa tangi hili chukua mmoja, au jozi iliyokwisha kuthibitika.

Moli na ugumu wa maji. Moli anataka ugumu wa nyuzi 15 na kuendelea, pH 7.5 hadi 8.5. Yako ni 9. Atakaa, ila baada ya miezi utaona anatikisika mahali pamoja kama anayesikia baridi, mapezi yamebana. Huo ni mwili unaoshindwa na maji laini, na dawa ya chupa haimsaidii. Mtoe. Kuongeza chumvi kwa ajili yake ni kuwaadhibu koridora.

Gapi kwa ugumu huo anaweza, lakini enjeli atamkata mkia, na vifaranga vyake vitakuwa chakula. Vilevile jike la gapi huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo ukinunua majike tu bado utapata vifaranga, 20 hadi 50 kila baada ya wiki 4 hivi. Hakuna tangi linalotosha hesabu hiyo.

Koridora 4 ni wachache. Hawa ni wa kundi, 6 ndiyo mwanzo, 8 ni vizuri, na wawe wa aina moja. Mchanganyiko wa rangi tatu haufanyi kundi. Mchanga uwe laini wa mviringo, changarawe kali inawala sharubu.

Kwa mwani, chukua pleko wa ndevu mmoja, Ancistrus, anaishia sm 12 hadi 15. Anahitaji gogo la kukwangua, na vipande vya tango mara moja moja.

Mgeni_Majini

Kwa hiyo: tetra wa Kongo 8, koridora 8, enjeli 1, pleko wa ndevu 1. Kichujio na hita vipi?

Fundi_Kioo

Kichujio: maji yote yapite mara 5 kwa saa. Lita 150 × 5 ni 750, ila namba ya kwenye boksi hupimwa bila sponji ndani, na sponji ikishika uchafu kasi inashuka. Nunua cha 900 hadi 1,000. Mdomo wa kutolea maji uelekeze usawa wa uso ili maji yacheze. Joto likipanda oksijeni inapungua: maji ya nyuzi 25 yanabeba miligramu 8.2 hivi kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7.5.

Hita ya wati 150 kama chumba hushuka chini ya 24. Kama chumba chako kiko 25 hadi 26 usiku na mchana, acha hiyo pesa, nunua pampu ya hewa ya betri kwa siku za umeme kukatika. Kifuniko ni lazima, tetra wa Kongo wanaruka.

Sharubu

Kabla ya samaki yeyote, tangi lizungushwe, yaani lioteshwe bakteria wa kugeuza amonia. Weka dawa ya kuondoa klorini, washa kichujio, tia amonia safi isiyo na sabuni hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, ambayo bado ni sumu, wa pili wanaigeuza nitrati, isiyo kali kama hizo. Chukulia wiki 4 hadi 6. Ukipata sponji chafu kutoka tangi lenye afya, ikae ndani ya kichujio chako, muda unapungua sana. Liko tayari pale unapotia amonia ile 2 na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Badilisha nusu ya maji, ndipo samaki waingie.

Usiwaingize wote siku moja. Koridora kwanza. Wiki 2 baadaye tetra. Wiki 2 nyingine pleko, maana anahitaji mwani uwe umeota. Enjeli awe wa mwisho, ili akute wenyeji. Akitangulia, tangi lote anaona ni lake. Kila awamu pima amonia na nitriti kwa siku 7, ikisoma chochote juu ya sifuri badilisha robo ya maji na usiongeze samaki. Sponji ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, maji ya bomba yana klorini na yataua bakteria uliowangoja wiki 6.

Mgeni_Majini

Nitajuaje baadaye kama nimezidisha samaki?

Kapo_la_Mwani

Pima nitrati mara tu baada ya kubadilisha maji, upime tena siku ya 7 kabla ya kubadilisha. Kwa robo ya maji kila wiki, ikipanda chini ya miligramu 10 kwa lita, una nafasi. Ikipanda zaidi ya hapo wakati unalisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2, tangi limejaa, hata kama kwa macho linaonekana tupu. Na pima nitrati ya maji ya bomba pia, isije ikawa tayari yana 15 ukamlaumu enjeli.

Mgeni_Majini

Yana 5, nimepima sasa hivi. Kesho naenda kwa fundi kuagiza stendi.

Fundi_Kioo

Mwambie kimo cha sm 75, na aache nafasi ya sm 10 kati ya stendi na ukuta kwa mabomba na waya. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kwanza ndipo upande, maji yakitiririka nayo yadondoke sakafuni.