Wakodishaji wa baiskeli za kutembelea msituni, hivi mnatuchukuliaje?

Wakuu habari za wikiendi. Yangu mimi haikuwa nzuri, uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie maana nina hasira hapa nisipozitoa silali.

Nazungumzia hii biashara ya kukodisha baiskeli kwenye vile vimji vya pembezoni mwa jiji, vile vyenye miti mingi na njia za vumbi zinazokatiza msituni, mnavijua. Watu wanatoka mjini asubuhi, wanakodi baiskeli ya kutwa, wanaendesha mdogomdogo, wanakaa chini ya mti wanapiga stori, jioni wanarudisha. Hakuna anayeshindana na mtu. Ni kitu kizuri na mimi nakipenda sana ndo maana inaniuma, kwa sababu wengi wa hawa wenye baiskeli wamejiaminisha kwamba mtu wa kuendesha taratibu unampa chochote kile. Ukiuliza mbona breki inaenda mpaka inagusa usukani unajibiwa "aah kaka, si unaenda kutembea tu." Ukiuliza mbona cheni inapiga kelele, "si unaenda kutembea tu." Hiyo kauli ndo imenileta hapa leo.

Hivi mmeshawahi kuifikiria lakini? Mtu wa mashindano anaijua baiskeli yake nje ndani, ana spana mfukoni na tyubu ya akiba chini ya siti, pancha ikimpata anabadilisha anaendelea na safari. Huyu wa kutembea labda hajapanda baiskeli toka yuko shule, kabeba mtoto nyuma, yuko katikati ya msitu mbali na barabara na mtandao wenyewe wa kubahatisha. Kati ya hao wawili nani anahitaji baiskeli iliyokaguliwa vizuri? Huyohuyo mnayempa mkweche!

Sasa kisa chenyewe. Tumeenda mimi na shemeji yangu, tumekuta baiskeli zimepangwa zinang'aa, zimefutwa mpaka spoku, kijana wa kaunta mchangamfu kweli. Kachukua vitambulisho, kachukua dipoziti, tumesainishwa karatasi, hapo kwenye hela na karatasi umakini ulikuwepo wa kutosha. Ikaja zamu ya baiskeli zenyewe. Kijana akabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba, akasema "iko fiti hii", akageukia mteja mwingine. Ukaguzi umeisha.

Kidole gumba wakuu! Kila tairi limeandikwa ubavuni upepo linaotaka, kwa PSI au kwa bar, kuanzia kiasi hiki mpaka kiasi hiki, ni kuinama na kusoma. Na tyubu hata isiyo na tundu inapoteza upepo kidogokidogo kwa sababu mpira wenyewe unapitisha hewa, kwa hiyo baiskeli iliyosimama wiki nzima inasubiri wateja wa Jumamosi lazima ijazwe Jumamosi asubuhi, hilo halina mjadala. Yule mvumbuzi Dunlop kasajili tairi lake la upepo mwaka 1888, leo hii kuna mtu anaishi kwa kukodisha baiskeli na geji ya upepo hana.

Nikasema ngoja nisiwe mtu wa shida, twende. Siti ya shemeji ilikuwa juu mno, anachezea pedali kwa ncha za vidole, yangu iko chini magoti yanakaribia kidevu. Kurekebisha siti ni dakika moja jamani, mtu anakaa, anaweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu ukinyooka hapo ndo pake, halafu akiendesha kwa mbele ya unyayo goti linabaki na mkunjo kidogo. Hakuna aliyetuuliza, na spana nilipoomba eti fundi kaondoka nayo. Na kibaya zaidi ile bomba ya siti ya shemeji ilikuwa imevutwa mpaka ule mstari wa mwisho unaonekana nje. Ule mstari haukuwekwa kama urembo, unatakiwa ubaki ndani ya fremu, ukiuona nje maana yake bomba iliyobaki ndani ni fupi na uzito wa mtu unaweza kuipinda au kuipasua fremu. Nikaishusha kwa nguvu za mikono kwa sababu kufuli yake hata haikuwa imekaza, yaani angekaa tu kwenye mashimo ingemzungukia.

Breki nazo. Yangu ya mbele ilikuwa mkono wa kulia, ya shemeji ya mbele iko mkono wa kushoto. Duka moja, mstari mmoja, baiskeli zimepakana! Najua sababu, Uingereza wanafunga ya mbele kulia na Marekani wanafunga kushoto, na hizi za mkono wa pili zinatoka kila pembe ya dunia, sawa, sikatai. Ila mwambie mteja basi. Mtu aliyezoea kwamba mkono wa kulia ni breki ya nyuma, kashika kwa nguvu mteremkoni penye majani yaliyolowa, halafu kumbe ni ya mbele, huyo anapita juu ya usukani kabla hajajua kilichotokea. Ni sentensi moja tu ya kumwambia, tena haina gharama.

Helmeti sitaki hata kuzizungumzia, zilikuwa zinanuka jasho na moja buckle imekufa imefungwa kamba ya kiatu.

Cheni ikaanza kuruka kwenye kilima cha kwanza. Umesimama kwenye pedali, unasukuma, ghafla mguu unadondoka kwenye hewa na goti linajigonga kwenye usukani. Mkiniambia hiyo ni bahati mbaya nitawakatalia, cheni ni kitu cha kupimwa. Kutoka pini moja mpaka nyingine ni milimita 12.7 ikiwa mpya, ikitumika inarefuka kwa kulika pini zake, ikishazidi asilimia moja haikai tena kwenye meno sawasawa na inaanza kuyala meno yenyewe. Kuna kipimo chake cha bati, unakichomeka kwenye cheni, kikizama inabadilishwa. Hata rula inatosha, mapingili 24 ya cheni mpya ni milimita 305 hivi, ikifika 308 itupe. Cheni ikibadilishwa mapema meno yanadumu, ikiachwa unakuja kununua cheni na meno vyote, kwa hiyo hata ubahili wenyewe hawaujui.

Tumevumilia. Tumefika ndani kabisa ya msitu, njia ina mizizi imelala inakatiza, mizizi ya kawaida tu ambayo mtu wa kutembea taratibu anapita. Tairi la nyuma la shemeji likagonga mzizi mmoja, tukasikia tsss, likalala.

Sasa hapa ndo naomba msome vizuri. Nimetoa ile tyubu nikaiangalia kwa karibu, ina matundu mawili madogo, marefu kama mipasuko, yamekaa sambamba, moja upande huu moja upande ule. Yeyote aliyewahi kuziba pancha anaijua hiyo alama. Mwiba unatoboa tundu moja, na msumari hivyohivyo. Matundu mawili sambamba yanatokea pale tairi lina upepo kidogo, likagonga kitu, likabonyea mpaka chini, na zile kingo mbili za rimu zikaiminya tyubu dhidi ya mzizi. Tafsiri yake ni moja tu, tairi halikujazwa. Ni kile kidole gumba cha asubuhi.

Haya, tulipewa kijipampu na kiraka kwenye kifuko, nikasema afadhali. Nikaziba vizuri tu, tyubu ikashika. Nachukua pampu naichomeka, haishiki. Valvu ya tairi ni ile nyembamba ya Presta, yenye kichwa kidogo unachokilegeza kwa vidole, na pampu waliyotupa ina mdomo wa Schrader, ile valvu nene inayofanana na ya gari. Na ni pampu ya mdomo mmoja, haina kigeuzi. Nimesimama msituni na pampu nzima, tyubu nzima, na upepo umejaa dunia yote isipokuwa kwenye hilo tairi. Shemeji yeye anacheka, mimi siwezi kucheka.

Karatasi yao ina namba ya dharura imeandikwa kwa wino mwekundu. Nimepanda kwenye mwinuko kutafuta mtandao, nimepiga, inaita mpaka inakata. Nimepiga tena mpaka nimechoka. Tukaanza kukokota. Kukokota baiskeli yenye tairi lililolala kwenye njia ya mizizi, kama hujawahi usijaribu, inakuvuta pembeni na pedali inakuchapa muundi kila hatua, tukawa tunapokezana.

Tumefika jioni muda umeshapita. Nategemea pole. Yule kijana mchangamfu wa asubuhi hayupo, yupo mkubwa wake, anatoa karatasi anaanza kusoma. Kuchelewa, kuna faini ya masaa. Tyubu, mteja analipa. Na mkwaruzo kwenye fremu, mteja analipa, mkwaruzo wenyewe una kutu ndani! Kutu inaota kwa nusu siku wakuu? Nikamwonyesha tyubu, nikamweleza matundu mawili maana yake nini, ananiambia "umepanda mzizi kaka, mzizi hatukuweka sisi." Mzizi hamkuweka ninyi! Mnakodisha baiskeli za msituni, mlitegemea tukutane na nini huko, kapeti?

Nikamuuliza pampu je? "Hiyo tutaiangalia." Namba ya dharura? "Simu ilikuwa kwenye chaji." Dipoziti ikakatwa nusu na ushee, na kitambulisho cha mtu kimeshikiliwa mezani mpaka ukubali. Hicho ndo kilichonimaliza. Ukikataa kulipa unaondoka bila kitambulisho, kwa hiyo yale ni makubaliano ya namna gani? Wachukue nakala, waandike namba, wapige picha, ila kile kitambulisho chenyewe kukaa kwenye droo ya mtu ni kumshikilia mteja kwa shati.

Na najua kuna watu watakuja na "si ununue yako". Mkuu, sina pa kuiweka, na naendesha mara chache, ndo maana halisi ya kukodi. Wengine mtasema ningekagua kabla. Nilikagua, nilisema, nikajibiwa naenda kutembea tu. Na hata nisingekagua, anayelipwa kwa kazi hiyo ni nani?

Nisiwe mchoyo, wapo wanaofanya vizuri. Kuna sehemu nimewahi kukodi fundi amesimama mlangoni na pampu ya miguu yenye geji, kila baiskeli inayotoka anajaza, anabana breki zote mbili, anainua gurudumu analizungusha, anakupandisha kwenye siti anaangalia mguu wako, anakwambia breki ya mbele ni hii. Anaizunguka baiskeli na wewe mnapiga picha pamoja mikwaruzo iliyopo. Haichukui hata dakika tano na bei haikuwa tofauti na hawa. Baiskeli zenyewe zilikuwa za zamani kuliko hizi zinazong'aa. Kwa hiyo msiniambie habari za mtaji.

Kwa wanaokwenda wikiendi hii, pigeni picha fremu yote kabla hamjatoka, na saa ya kupiga picha ionekane. Ombeni geji, wakikosa geji hameni hapohapo. Chomekeni pampu kwenye valvu yenu mkiwa bado pale kaunta, msikubali kuambiwa inafanya kazi. Na ile namba ya dharura ipigeni mbele yao muone kama kuna simu inaita.

Mimi tyubu ninayo, sikuwaachia, si nimeilipia. Picha za kutu ninazo pia. Kama kuna mtu humu aliwahi kudai dipoziti yake akarudishiwa, aseme alipitia wapi, kwa mwanasheria au kwa watu wa kutetea walaji, na ilichukua muda gani. Na kama mwenye lile duka yumo humu na ameshajijua, inbox iko wazi, aanze na kunieleza simu ya dharura inakuwaje kwenye chaji mchana kutwa.