Naomba ushauri: bwana asiyeonekana kwenye picha za farasi za George Stubbs

Habari zenu wakuu. Naandika insha kuhusu matajiri wa Uingereza wa karne ya 18 waliolipa wachoraji wawachoree farasi wao, na nimekwama kwenye hoja moja.

Farasi Whistlejacket, aliyechorwa na Stubbs, mchoraji Mwingereza, mnamo 1762 hivi kwa kabaila aitwaye Marquess wa Rockingham, nimemwelewa. Picha ina kimo cha karibu mita 3, haina mpanda farasi wala mandhari nyuma. Ukubwa huo walizoea kupewa wafalme! Bwana hayumo, lakini nani mwingine alikuwa na ukuta wa kuitundika?

Kinachonitatiza ni picha ya farasi Hambletonian, ya 1800. Farasi yuko hoi baada ya mbio za farasi za Newmarket, Uingereza, na wanaotukazia macho ni watumishi wawili. Mmiliki, Sir Henry Vane-Tempest, hayumo; tena aligoma kulipa hadi Stubbs akamshtaki na kushinda.

Je, watumishi hao niwasome kama pambo la hadhi ya bwana, au mchoraji aliwapa heshima yao wenyewe? Mwalimu anataka msimamo mmoja. Mwenye kujua picha nyingine ya zama hizo ambamo mtunza farasi kapewa uzito namna hiyo, anitajie tafadhali.