Bei ya chipu za kumbukumbu imeporomoka: niingie kwenye hisa za Micron au nikae pembeni?

Kisado, Aprili 2023
Wakuu kwema? Niko Dallas, nina dola 3,000 zimekaa tu. Chipu za RAM na za flashi zinashuka bei tangu mwaka jana. Micron, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu hizo, katangaza hasara ya dola bilioni 2.3 kwa robo mwaka, kubwa hivyo haijawahi kumtokea. Samsung nao wanasema faida imeanguka 96%, wanapunguza uzalishaji. Shemeji ananiambia hapa ndipo pa kuingia. Mnasemaje?

Ngalawa
Hizi ni nyanya za Ilula mkuu. Bei ikiwa tamu kila mtu analima, wakivuna wote tenga linauzwa bei ya kutupa. Ila wakulima wakubwa wa RAM wamebaki watatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Wakipunguza shamba, bei inarudi. Siku Samsung wametangaza hiyo 96%, hisa zao zilipanda zaidi ya 4%. Hapo ujiulize kwa nini.

Chura Mzee
Watatu kwa sababu wengine walishazikwa. Elpida ya Japani ilifilisika 2009, wenye hisa wakabaki na makaratasi. Halafu huko kushuka mbona Kariakoo hakujafika? Jumamosi nimenunua RAM ya laptop, GB 8, elfu 85. Bei ya mwaka juzi hiyo hiyo. Wauza kompyuta wezi tu.

Duka la Kona
Mwizi nani? Mzigo wangu niliutoa Dubai mwezi wa kumi, bei ya mwezi wa kumi. Weka nauli, ushuru, VAT 18%, kodi ya fremu na kilemba juu. Dola yenyewe sasa hivi unaitafuta kwa tochi. Wewe unataka nikuuzie kwa bei ya Korea?

Ngalawa
Chura, 2009 ni Qimonda ya Ujerumani. Elpida ni Februari 2012, na aliyeinunua ni Micron huyu huyu.

Chura Mzee
Qimonda, Elpida, msiba ni msiba. Ngoja nimalizane na huyu kwanza. Kwani bei ikipanda Korea mbona kwako inapanda jioni ile ile, mzigo wa zamani ukiwa bado kabatini?

Bint Tanga
😂😂 Hapo jibu boss. Na zile flashi za GB 64 zinazobeba GB 7? Nilihamishia picha za harusi ya dada, majina yote yanaonekana, ukifungua hakuna kitu.

Duka la Kona
Flashi mlinunua kwa wamachinga, lawama mnaniletea mimi.

Kisado
Wakuu, hisa jamani…

Ngalawa
Kisado, 2018 Samsung walivunja rekodi ya faida, watu wakajazana. 2019 faida ikaanguka zaidi ya nusu. Kwenye chipu uogope faida nono kuliko hasara. Mimi ningeingia kidogo kidogo, hela ya kodi ya nyumba isiguswe. Na huyo shemeji, yeye kanunua ngapi?

Kisado
Hajanunua. Anasubiri nianze mimi.

Duka la Kona
@Chura Mzee weka risiti hapa tuone hiyo elfu 85.

Chura Mzee
Risiti ipi? Nilitajiwa bei mbili, ya risiti na ya bila risiti.

Duka la Kona
Ukachukua ipi?

Bint Tanga
Chura mbona kimya?