Waya wa swichi ya bajaji (volti 12) niuingizeje kwenye pini ya ESP32?

kijana_wa_moro
Habari wakuu. Natengeneza kidude cha kurekodi muda bajaji inapowashwa na kuzimwa, maana mwenye chombo na dereva hawaishi kubishana. Waya wa swichi nimeupima: 12.6 injini ikiwa imezimwa, 14.3 ikiunguruma. ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) inataka 3.3. Rezista moja ya 10k mbele ya pini haitoshi?

saketi_tu
Haitoshi. Pini haivuti mkondo wa maana, na bila mkondo rezista haishushi volti. Weka mbili: 33k toka swichi hadi pini, 10k toka pini hadi graundi. 14.3 inakuwa 3.3 hivi. Umemaliza.

fundiredio
Mezani, sawa. Kwenye bajaji hajamaliza. Mita haioni mruko wa kufumba na kufumbua. Honi ikiachia, rilei ikikata, waya huohuo unaweza kuruka makumi ya volti. Chukua 60 tu, zidisha kwa 10, gawa kwa 43: karibu 14 kwenye pini ambayo mwisho wake ni 3.6.

Mimi kwa vyombo vya moto naweka chipu ya PC817, basi. Ndani yake mna kitaa na transista inayokitazama, hazigusani. Toka swichi pita rezista ya 2.2k hadi mguu wa 1. Mguu wa 2 graundi. Kitaa kinapata miliampea 5 hivi, zinatosha kabisa. Kati ya mguu wa 1 na wa 2 weka daiodi ya 1N4148 kinyumenyume, kwa sababu umeme wa kinyume kitaa hicho kinavumilia volti 6 tu. Upande wa pili: mguu wa 4 kwenye pini, wa 3 graundi, na 10k toka pini hadi 3.3.

kijana_wa_moro
Shukrani mkuu. Ila ESP32 inakula betri hiyohiyo kupitia LM2596 (kishusha volti). Graundi si ni moja?

fundiredio
Ni moja, kwa hiyo usijidanganye kwamba umezitenganisha. Faida iliyobaki ni kwamba mruko unaishia kwenye kitaa, pini haioni zaidi ya 3.3. Njia ya umeme ndiyo iliyobaki wazi: LM2596 mwisho wake ni volti 40. Tanguliza fyuzi ya ampea 1 na daiodi ya TVS (ya kukata miruko) ya volti 18.

Halafu kwenye programu, pini ikisoma 0 ndiyo bajaji imewashwa. Na ukitumia pini 34 hadi 39, ile 10k usiiache, maana pini hizo hazina rezista ya ndani.